Jinsi ya kuandika maisha ya muigizaji wa Marekani hadi msomaji amalize (mfano wetu Jerry Orbach)

Kuna hizi wasifu za mastaa tunazoandika, ukisoma mistari miwili tu ushajua zinakoenda. Fulani alizaliwa tarehe fulani, alipenda sanaa tangu utotoni, akacheza hii na hii, akapata tuzo, akafariki, ameacha mjane na watoto wawili. Yaani bora hata matangazo ya vifo ya redioni, yale angalau yanataja ndugu wote mpaka wa Nachingwea ukahisi na wewe unamjua mtu.

Mimi mwenyewe nimeandika za hivyo nyingi tu. Nikaja kuandika ya Jerry Orbach, yule mzee mpelelezi wa Law & Order (ile tamthilia ya TV ya polisi na mahakama) mwenye uso wa mtu ambaye hajalala siku mbili, nikaweka kwamba "alianza kung'ara mwaka 1992". Mzee mmoja akanijibu kwa upole ulioniuma kuliko tusi, akaniambia mwanangu, 1992 huyo bwana ana miaka 57, tuzo ya Tony, ile kubwa ya jukwaani, alikuwa nayo tangu 1969, wewe umemuona alipokuwa anamalizia. Nilikaa kimya, nikarudi kusoma upya, na haya ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza baada ya aibu ile. Namtumia Orbach kwa sababu kosa nililofanya kwake ndilo tunalofanya kwa karibu waigizaji wote wa Marekani waliotokea jukwaani, tunawajua kwa TV kwa hiyo tunadhani maisha yao yalianza siku ambayo sisi tuliwasha TV.

Basi cha kwanza, tarehe ya kuzaliwa iache kwanza, itakuja yenyewe. Tafuta usiku mmoja. Muigizaji wa jukwaani maisha yake yamejaa usiku, na huwa kuna mmoja ambao umebeba vitu vingi kwa mpigo, kazi yako ni kuupata. Kwa Orbach usiku huo ni 25 Agosti 1980, ukumbi wa Winter Garden, New York, uzinduzi wa tamthilia ya muziki 42nd Street. Ndani ya mchezo Orbach ni Julian Marsh, mwongozaji wa michezo ya jukwaani, mkali, aliyechoka, anayemsukuma binti asiyejulikana na mtu aingie kuziba nafasi ya staa aliyeumia mguu. Mwongozaji wa kweli wa onyesho lenyewe alikuwa Gower Champion, na Champion alikuwa amefariki asubuhi ya siku hiyo hiyo kwa saratani adimu ya damu. Waigizaji hawakuambiwa. Mtayarishaji, David Merrick, aliifungia ile habari kifuani siku nzima, watu wakacheza, wakaimba, wakashangiliwa, wakainama, wakainama tena, ndipo Merrick akatoka mbele kusema kuna msiba, Gower Champion amefariki. Kuna waliocheka kwanza wakidhani ni manjonjo ya uzinduzi. Kisha ukumbi ukapoa, waigizaji wakaanza kulia palepale mbele ya watu, na Orbach ndiye aliyepaza sauti kwa mafundi washushe pazia.

Mtu aliyekuwa anaigiza mwongozaji ndiye aliyefunga usiku wa mwongozaji aliyekufa. Hapo huna haja ya kupamba, tena ukipamba unaharibu, andika kama ilivyokuwa tu kisha msomaji mwenyewe ataanza kuuliza huyu jamaa alifikaje hapo, na akishauliza ndo unampeleka Bronx, 20 Oktoba 1935.

Ila utotoni usikae sana. Chukua kile tu kitakachokuja kutumika baadaye. Kwa Orbach, baba yake Leon alikuwa meneja wa mgahawa lakini zamani zake alikuwa mtu wa yale maonyesho ya mseto, nyimbo na vichekesho na mazingaombwe vyote kwa tiketi moja, na mama yake Emily aliwahi kuimba redioni. Hiyo inatosha kueleza sauti ilitoka wapi. Familia ilihamahama, New York, Pennsylvania, Massachusetts, mwisho Waukegan kule Illinois ndipo akamaliza sekondari 1952. Mtoto wa kuhamahama anajifunza kusoma watu upesi, hiyo ni dhana yangu, nawe ukitaka kuweka dhana yako weka, ila iseme kama dhana usiitie kwenye mdomo wa marehemu. Akasoma chuo kikuu cha Illinois, akahamia Northwestern, akaondoka bila kumaliza, 1955 yuko New York.

Sasa kabla hujaendelea lazima umueleze msomaji Broadway ni nini maana wengi wetu tunadhani ni ukumbi mmoja mkubwa kama vile Ukumbi wa Taifa. Ni kundi la kumbi, nyingi zimejazana pale Manhattan karibu na Times Square, na kinachoufanya ukumbi uitwe wa Broadway ni ukubwa, viti 500 na kuendelea. Chini ya hapo, kuanzia viti 100 hadi 499, unaitwa Off-Broadway, pesa kidogo, lakini ndipo wengi wanapoanzia. Na kawaida ya kazi yenyewe ni maonyesho 8 kwa wiki. Nane! Jumatano mara mbili, Jumamosi mara mbili, ugonjwa wako ni wako. Ukiliweka hili mapema halafu ukasema mtu alikaa kwenye mchezo mmoja mwaka mzima, msomaji anapiga hesabu mwenyewe anaona ni kazi ya namna gani.

Orbach alianzia huko kwenye kumbi ndogo, Theatre de Lys mtaa wa Christopher, kwenye The Threepenny Opera, na alianza kama mtu wa benchi. Hapa pana neno linalosumbua sana kwenye kuandika mambo haya kwa Kiswahili, yule anayejifunza nafasi ya mwenzie yote, nyimbo na hatua, akakaa nyuma akisubiri mwenzie augue. Nimeona watu wanamwita "muigizaji msaidizi", si sahihi, msaidizi yeye yuko jukwaani kila siku. Mimi nasema mtu wa benchi, kila mpenda mpira ananielewa hapohapo. Akapanda taratibu, akashika nafasi hii na ile, mpaka akamcheza Mack mwenyewe, mhusika mkuu.

Halafu 3 Mei 1960 ikafunguliwa The Fantasticks, Sullivan Street Playhouse, kijiukumbi cha viti kama 150 hivi, ambacho pazia lake sidhani kama lilizidi shuka. Orbach akawa El Gallo, yule anayesimulia na kuvuruga kila kitu, na ndiye wa kwanza kabisa kuuimba wimbo "Try to Remember" mbele ya watu waliolipa tiketi. Na hapa kuna mtego, tafadhali usiuingie. Onyesho lile lilidumu mpaka 13 Januari 2002, karibu miaka 42, mara 17,162, hakuna tamthilia ya muziki iliyodumu namna hiyo duniani. Nimesoma maandiko, kwa Kiswahili na hata kwa Kiingereza, ukimaliza unabaki na picha kwamba Orbach alikuwemo humo miaka 42. Hakuwemo. Aprili 1961 tayari yuko Broadway kwenye kitu kingine. Kwa hiyo kila unapoandika jukwaa tenganisha umri wa onyesho na muda wa mtu, hata 42nd Street ilichezwa mara 3,486 lakini hizo ni za onyesho, usimbebeshe yeye zote.

Hicho kitu kingine cha 1961 ni Carnival!, ukumbi wa Imperial, akiwa mcheza vikaragosi mwenye mguu mbovu na roho iliyochacha, anayeweza kusema maneno mazuri kwa mdomo wa kikaragosi tu. Aliyeiongoza? Gower Champion. Aliyeitayarisha? David Merrick. Ndiyo, walewale wawili wa ule usiku wa 1980. Ukikuta jina linajirudia hivyo kwenye maisha ya mtu, kamata, huo ndo uzi wako wa kushonea stori nzima. Onyesho lake la kwanza Broadway na la mwisho Broadway, mwongozaji mmoja, mtayarishaji mmoja, miaka 19 katikati. Mimi niliandika mara ya kwanza sikuliona hili kabisa kwa sababu nilikuwa naorodhesha, na ukiorodhesha macho yako yanaangalia mwaka tu, majina yanapita kama magari ya mkoani.

Katikati hapo pita haraka kidogo ila usiruke. 1965 yuko kwenye Guys and Dolls iliyorudishwa jukwaani, anateuliwa Tony. 1 Desemba 1968 inafunguliwa Promises, Promises, ukumbi wa Shubert, muziki wa Burt Bacharach, mashairi ya Hal David, mazungumzo ya Neil Simon, mtayarishaji Merrick tena (nilikwambia), na Orbach ni karani wa ofisi anayewaazima mabosi nyumba yake kwa mambo yao ya siri ili apandishwe cheo. Ikampa Tony ya 1969, muigizaji bora wa kiume kwenye tamthilia ya muziki. Kisha 3 Juni 1975, Chicago, akiwa Billy Flynn, wakili mtanashati anayewatoa wauaji jela kwa maneno matamu na kamera za waandishi, pembeni yake Gwen Verdon na Chita Rivera. Mwaka uliofuata Chicago ikateuliwa Tony 11 ikatoka mikono mitupu maana A Chorus Line ilibeba karibu kila kitu.

Swali sasa, unaandikaje kitu ambacho hukukiona na wala hutakiona? Hili ndilo gumu kuliko yote. Muvi ya 1975 unaweza kuicheki leo usiku, onyesho la jukwaani la 1975 limeisha na waliokuwemo ukumbini. Njia zipo. Ya kwanza ni albamu za nyimbo, karibu kila tamthilia kubwa ya muziki ya enzi hizo wahusika waliingia studio wakarekodi, na zinapatikana. Sikiliza sauti yake kwa masikio yako, usitegemee mtu aliyeandika kwamba ilikuwa "nzuri". Ya Orbach ni nzito, ya kifuani, ina vumbi kidogo, na matamshi yake ni safi kiasi kwamba hata sisi wa Kiingereza cha kuungaunga tunamfuata neno kwa neno. Ya pili ni kanzidata ya Broadway iliyoko mtandaoni, IBDB, tarehe ya ufunguzi, ukumbi, nani alicheza nani, nani alimpokea nani. Kurasa za mashabiki zisome kwa raha yako ila tarehe chukua huku. Na chunga, kabla ya ufunguzi rasmi huwa kuna maonyesho ya majaribio ya kulipia, kwa hiyo ukikuta tarehe mbili zinapishana wiki kadhaa si lazima mmoja anadanganya. Ya tatu ni mapitio ya magazeti ya siku zile. Na kwa aliyeko New York au mwenye ndugu huko, maktaba ya sanaa za maonyesho pale Lincoln Center imekuwa ikirekodi maonyesho tangu 1970, unaenda unaomba unaangalia hapohapo, huondoki nayo.

Haya, twende TV, na hapa ndo wengi tunajaza kurasa bila sababu. Baada ya 42nd Street Orbach hakurudi tena Broadway. Akaingia kwenye muvi za sinema, Prince of the City mwaka 1981, kisha 1987 akawa daktari, baba wa yule binti kwenye Dirty Dancing, na kwa wengi wetu tulioangalia ile kanda hadi ikakwaruza huyo ndo Orbach wa kwanza tuliyemuona hata kama hatukujua jina. 1991 akatoa sauti ya kinara cha mishumaa, Lumière, kwenye Beauty and the Beast ya Disney. Ukiambiwa mpelelezi yule mchovu na kinara kile kinachocheza na sahani ni koo moja, unakataa, ila ukishajua habari ya jukwaani unaona ni kawaida tu.

Law & Order ilianza Septemba 1990. 1991 Orbach aliitwa mara moja, akacheza wakili wa utetezi, kazi ya siku chache. Mwaka uliofuata Paul Sorvino, aliyekuwa mpelelezi, akaamua kuondoka, na sababu mojawapo ni kwamba alikuwa anataka kuitunza sauti yake ya opera, baridi ya kurekodi barabarani New York ilikuwa inamuumiza. Hebu ona, nafasi imeachwa wazi na mwimbaji na ikajazwa na mwimbaji. Novemba 1992 Lennie Briscoe, mpelelezi anayechezwa na Orbach, anaingia, sizoni ya 3, na anakaa mpaka mwisho wa sizoni ya 14, Mei 2004, epsodi zaidi ya 270.

Unaandikaje epsodi 270? Usiziandike. Chagua kitu kimoja kinachojirudia ukieleze vizuri. Kwa Briscoe ni ile sekunde kabla muziki wa mwanzo haujapiga, maiti iko chini, polisi wanaeleza, Briscoe anaangalia, anatoa kauli moja kavu, imekwisha. Hatabasamu wala hasubiri ucheke. Muigizaji wa TV tupu angeikazia ile kauli uone kwamba ni kichekesho, huyu alishajifunza kwa miaka mbele ya watu hai kwamba utani ukiuachia upesi ndo unatua. Hiyo nayo ni hukumu yangu lakini naweza kuitetea, chukua epsodi tano zozote uangalie. Kisha ongeza vitu viwili vitatu vya mhusika mwenyewe, mlevi aliyeacha pombe, ndoa mbili zilizovunjika, binti yake Cathy anayeuawa, na wenzake watatu waliopokezana, Chris Noth, Benjamin Bratt, Jesse L. Martin, huyu wa mwisho naye ni mtu wa jukwaani, alikuwemo kwenye tamthilia ya muziki Rent ya 1996. Na sema pia kwamba tamthilia ile kwa kuwa ilirekodiwa New York iliwalisha waigizaji wengi wa jukwaani, anacheza shahidi mchana, jioni anawahi ukumbini. Ukisoma vile vitabu vidogo vya programu wanavyogawa mlangoni Broadway, kwenye maelezo ya waigizaji Law & Order inatajwa mpaka imegeuka utani.

Kwenye tuzo za TV sema ukweli bila huruma, Emmy aliteuliwa mara 3 na hakupata hata moja.

Udaku je? Ushauri wangu, udaku uweke kama unaeleza kitu, na uuandike kwa sauti ileile uliyoandikia tuzo. Orbach alikuwa na urafiki na Joe Gallo, jambazi wa kweli wa mafia wa New York. 1971 alicheza muvi ya vichekesho, mhusika wake akiwa ameigwa kwa Gallo huyo, wakajuana, wakazoeana, yeye na mkewe wa kwanza Marta wakamkaribisha nyumbani. Aprili 1972 Gallo akapigwa risasi akafa kwenye mgahawa Mtaa wa Mulberry, usiku wa kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Andika hivyo, ishia hapo. Nimeona watu wanaongeza kwamba ndipo alipojifunza kuigiza polisi, hamna, ni maneno ya kunogesha baraza. Kinachofaa ni pengine kitamu zaidi, kwamba mtu aliyekuja kuwa polisi maarufu wa TV aliwahi kula meza moja na mtu ambaye polisi wa kweli walikuwa wanamfuata.

Na mapenzi yaandike kwa kitu cha kushikika. Mke wake wa pili, Elaine Cancilla, mcheza dansi, walikutana kwenye Chicago wakaoana 1979. Orbach akitoka alfajiri kwenda kurekodi alikuwa anamwachia kijishairi kifupi pembeni ya kahawa, miaka na miaka, na Elaine alivitunza, vikatoka kitabu 2009. Ukiandika tu "alikuwa mume mwema" umeandika nini sasa?

Mwisho wa maisha yake upitie kwa utulivu. Saratani ya tezi dume aliugua miaka mingi bila kutangaza, watu waliambiwa Desemba 2004 na tarehe 28 mwezi huohuo akafariki Manhattan, miaka 69. Alishaanza kurekodi tamthilia mpya ya ukoo ule ule, Trial by Jury, epsodi mbili zikarushwa 2005 yeye hayupo, na tuzo ya chama cha waigizaji wa filamu na TV wakampa mwaka huo huo akiwa kaburini. Broadway wakapunguza taa zao kwa dakika moja, heshima wanayompa mtu wao, na hapo ukumbushe msomaji kwamba ilikuwa ni miaka zaidi ya 20 tangu onyesho lake la mwisho kule lilipofunguliwa. Macho yake aliyatoa, yakawarudishia nuru wakazi wawili wa New York, na benki ya macho ikaweka tangazo lenye picha yake kwenye treni za chini ya ardhi.

Kisha kagua majina yako. Orbach, sio Orback. Kumbi ziandike kwa majina ya enzi ile, maana nyingi zimebadilishwa, Chicago ya 1975 ilikuwa 46th Street Theatre, leo ukilitafuta hilo jina mlangoni hulioni. Na The Fantasticks ilirudi 2006 kwenye ukumbi mdogo karibu na Times Square uliokuja kupewa jina la Orbach, ikachezwa humo mpaka 2017, kwa hiyo kuna maonyesho mawili tofauti, usichanganye hesabu zao.

Na jingine dogo, wale wanaoandika kwamba New York ilibadilisha jina la mtaa kwa ajili yake. Ni kona. Makutano ya West 53rd Street na Eighth Avenue, karibu na alipokuwa anaishi, tangu 2007 pana kibao cha Jerry Orbach Way juu ya kile cha zamani, na cha zamani bado kipo. Ukimwambia dereva wa teksi akupeleke Jerry Orbach Way atageuka akuulize ni wapi hapo.